Koti la Baba la Jumapili

Koti la Baba linanuka jasho, na si jasho lake. Nimelitoa sandukuni asubuhi hii, nikalinusa, nikacheka peke yangu.

Ilikuwa wakati wa vita. Lori la askari lilichemsha kwenye mlima wa Rhotia, wakaja nyumbani kuomba maji. Mmoja alikuwa na kamera. Mwingine, mrefu kama nguzo, alimwona Baba akirudi kutoka kanisani, akamsogelea.

"Shikamoo, mzee. Naomba uniazime koti nipige picha. Mama akiniona na gwanda hatalala."

Baba, ambaye hakuturuhusu hata kuligusa, alilivua palepale.

Basi wote wakalitaka. Walipanga foleni kando ya mahindi, wakapigwa picha kuanzia kiunoni ili suruali za jeshi zisionekane. Yule mrefu mikono ilimkomea karibu na viwiko. Mfupi wao alizama kama aliyevikwa gunia, ikabidi mimi nichuchumae nyuma yake na kulivuta likae sawa.

"Usicheke, mtoto," alisema mwenye kamera. "Koti linatikisika."

Mama alikuwa amekaa chini, anafuta machozi ya kicheko kwa khanga.

Kesho yake alitaka kulifua. Baba akakataa.

"Liache. Watalifua wenyewe wakirudi."

Akaendelea kulivaa kanisani hivyo hivyo, na Mama akahamia benchi la nyuma.

Sasa hivi binti yangu ameniuliza kama aliloweke. Nimemwambia tusubiri kidogo.