Subaru Iliyogonga Kilimani

Nichekeni tu, nimekubali. Mimi ni fundi wa kuongeza magari nguvu hapa Roret, na wiki jana nilienda na mteja kujaribu Subaru yake kwenye kilima cha Kimulot. Kukanyaga mafuta tu, nikasikia ko-ko-ko. Nikajua mafuta yanalipuka kabla ya wakati, na hiyo huua injini. Nikafungua laptop iliyounganishwa na kompyuta ya injini, nikachelewesha cheche za plagi kidogo. Ko-ko-ko. Nikachelewesha tena na tena, mpaka gari likaishiwa nguvu na trekta ya majani chai ikatupita, dereva akitupungia mkono.

Mteja akakunja uso. Nikampigia simu Chebet, fundi mwenzangu, nikamweleza nilivyochelewesha cheche, akaja na bodaboda. Huyo dada ana masikio, jameni! Alifunga kisikilizio chake, kidude cha kunasa sauti, kwenye injini, akavuta waya mpaka ndani ya gari, akavaa hedifoni na kufumba macho kama mtu anayeomba. Nikapanda kilima.

"Injini iko sawa kabisa," akasema. "Hii kelele inatoka nyuma. Simama ufungue buti."

Hapo nikakumbuka. Asubuhi mama alinipa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, nimpelekee dada yangu huko Kimulot, na ni mimi mwenyewe niliyekisimamisha humo. Sasa kilikuwa kimelala kando ya jeki, kikiigonga kila nikikanyaga mafuta.

Mteja aliangalia kibuyu, akaniangalia mimi. Chebet akachomoa kisikilizio kwenye injini, akakiweka juu ya kibuyu, akasikiliza kwa makini sana.

"Na hiki, fundi," akaniuliza, "tukicheleweshe kiasi gani?"