Herufi Mbili za Jiwe la Zahanati

Mke wangu, fundi cherehani, ana ugonjwa wa mawe. Si yale ya figo. Kila Jumamosi hunipandisha pikipiki tukazunguka wilaya nzima, yeye na simu yake, akipiga picha mawe na vibao vya kumbukumbu: hapa palikuwa na posta ya kwanza, hapa daraja lilisombwa na mafuriko. Amefikisha mawe sitini na mawili. Mimi ni dereva na mlalamikaji.

La sitini na tatu lilikuwa la kwetu. Limejengewa kwenye ukuta wa nyuma wa zahanati, chini ya upenu, jua halilifikii, na herufi mbili zimelika: HAPA ALIISHI M . . NGA WA KWANZA WA TARAFA HII. Anayetajwa ni bibi yake mama yangu. Watu wote husoma "mganga". Mama amepiga kelele maisha yake yote: "Bibi yangu alikuwa mkunga! Amezalisha nusu ya tarafa!" Nani amsikilize? Shuleni niliitwa Kitukuu cha Mganga, nami, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Sasa afisa wa utamaduni alikuwa anachonga upya mawe yaliyochakaa, na letu lingechongwa Jumatatu: MGANGA. "Nileteeni ushahidi," alituambia, "hadithi ninazo nyingi."

Jumamosi asubuhi mke wangu akanitwisha kioo chake cha kupimia nguo, kile kirefu cha ukutani.

"Umepagawa?" nikamuuliza.

"Nguo ikifumuliwa, matundu ya sindano hayaondoki. Ukiimulika kutoka ubavuni unayaona yote. Beba kioo, acha maneno."

Tulipofika zahanati, mama naye akiwa ameketi kivulini, nikasimama juani, nikalirusha jua ubavuni mwa jiwe.

"Kushoto kidogo. Juu. Hapo hapo! Usipumue!"

Jamani! Kivuli kikaingia kwenye michoro iliyofifia. Ukajitokeza mguu wa K, kisha mikono yake miwili, halafu U nzima. Nikaruka kwa furaha, kioo kikacheza, herufi zikapotea.

"Tulia wewe!"

Nikatulia. Akapiga picha saba, akamtumia afisa papo hapo. Jibu liliingia kabla sijashusha kioo: "Nimeona. Tutachonga MKUNGA." Mke wangu alipiga kigelegele hadi nesi akachungulia dirishani.

Mama akasogea na mkongojo wake. Macho yake hayasomi tena. "Limeandikwaje?" akauliza.

Mke wangu alipofungua mdomo, mama akamzuia kwa mkono. "Wewe umeshafanya kazi yako, mwanangu. Asome huyu. Ndiye aliyekuwa akicheka."

Miaka yote hiyo sikujua kwamba anajua. Nikasoma: "Hapa aliishi mkunga wa kwanza wa tarafa hii."

"Sijasikia," akasema mama, akiigeukia foleni ya wagonjwa. "Na wale kule pia hawajasikia."

Nikasoma tena, kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.