Pikipiki ya Fundi wa Mitumbwi

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, na mojawapo ni pikipiki ambayo kuku walikuwa wakitagia. Nilipoikuta katika banda la nyuma ya parokia, kuku mwekundu alikuwa ametulia juu ya kiti chake, mahali ambapo sponji ilikuwa imetoka na kuacha shimo la kumtosha. Alinitazama kama anayetaka kujua nimetumwa na nani.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, nimevuka ziwa kutoka kwetu, mkoa ambao siku zile uliitwa Ziwa Magharibi. Nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Nyakato. Jumamosi kazi ilipoisha mchana nilivua ukarani na kuwa katekista, mwalimu wa dini. Kigango changu, kanisa dogo chini ya parokia, kilikuwa mbele kidogo ya Buswelu, na kwa baiskeli nilifika mapema, nikafundisha, nikarudi nyumbani kabla ya giza.

Halafu watu wa kigango wakahamishwa. Walitakiwa kukaa pamoja katika kijiji cha ujamaa, karibu na shule na kisima. Nyumba zikajengwa upya kwa mistari iliyonyooka, na kanisa letu la udongo likabaki kule shambani na popo wake. Kijiji kipya kilikuwa mbali zaidi kuliko kile cha zamani, na njia yake ilikuwa mchanga mtupu, ule unaomeza gurudumu la baiskeli hadi unashuka na kuikokota. Jumamosi ya kwanza nilifika jua linazama, watu wameshatawanyika. Iliyofuata niligeuza njiani.

Miongoni mwa wakatekumeni wangu, watu niliokuwa nikiwaandaa kwa ubatizo, alikuwamo bibi mmoja wa Kisukuma, mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa amekosa kubatizwa mara mbili. Mara ya kwanza alifiwa na mumewe katikati ya mafundisho, na mara ya pili ndiyo huko kuhamishwa. Paroko wetu alikuwa mtu mpole, lakini katika jambo moja hakuwa na mjadala: mafundisho ya Kwaresima hayakatwi, na anayeyakosa husubiri Pasaka ya mwaka mwingine. Nilipomweleza bibi hivyo, aliinamisha kichwa akafikiri, kisha akasema, "Mwalimu, mwaka huu ninao mkononi. Huo mwingine sijaonyeshwa."

Maneno hayo sikuweza kuyaweka chini. Nilikwenda nayo kazini, nikalala nayo, na mwishowe nikaenda nayo kwa Paroko kuomba ile pikipiki.

"Ile?" Paroko alicheka. "Padre aliyekuwa nayo alikwisha kurudi kwao Ulaya, mimi bado sijafika hapa. Ichukue, mwanangu. Lakini mayai ni ya masista."

Mafundi wa mjini walinipa jibu moja tu: spea hakuna. Hilo lilikuwa jibu la kila kitu miaka ile, kuanzia balbu hadi viberiti. Basi nikaisukuma hadi ufukweni, kwa mtu niliyemfahamu kwa sababu alikuwa akinunua kiwandani kwetu pamba chafu ya kuzibia nyufa. Alikuwa Mkerewe, amenizidi umri, fundi wa mitumbwi, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Alikuwa pia akifufua mashine za boti zilizokwisha kukatiwa tamaa.

Aliizunguka pikipiki akiipigapiga kwa vidole.

"Kaka, utaiweza?" nikamuuliza.

"Injini ni injini. Zangu zinasukuma maji, hii inasukuma vumbi. Ila wewe Mhaya utaanza kunisemesha Kiingereza humu ndani?"

"Sitasema neno."

"Basi shika spana."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sikuwahi kufungua injini maishani, na kusema kweli nilidhani ndani mwake mngekuwa na vitu vingi zaidi. Kila jioni baada ya kazi niliteremka ufukweni, tukafanya kazi hadi mwanga ulipotuacha. Pistoni ilikuwa imegandia ndani ya silinda. Fundi akamimina mafuta ya taa, akaniambia tuiache. Nilitaka kuigonga kwa nyundo. Yeye akakaa akavuta sigara yake na kutazama ziwa. Tuliiacha siku nyingi, na jioni moja alipoisukuma kwa mpini wa mti iliteremka yenyewe, taratibu, kama mtu aliyebembelezwa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya uvumilivu, na bado nikifikiria neno hilo naiona pistoni ile.

Cheni tuliipata kiwandani kwetu. Msimamizi wangu alinipeleka kwenye lundo la vyuma chakavu, akanionyesha cheni ya mashine iliyokufa na kuniambia nichukue kwa ajili ya Mungu, halafu nimwombee mkewe. Nilimwombea. Cheni ilikuwa ndefu mno, tukaikata. Kabureta niliisafisha mwenyewe kwa sindano ya mke wangu, na sindano haikurudi.

Mke wangu ndiye aliyeshona kiti. Jirani yetu mfugaji alitupa ngozi ya ng'ombe, ya madoa meusi na meupe, nayo ilikuwa ngumu, ikabidi mke wangu ailoweke na kuipiga kwanza. Alikaa mlangoni na sindano kubwa ya magunia akiivuta kwa meno.

"Niliolewa na mtu mmoja," akasema bila kuinua kichwa. "Sasa naona tuko watatu, na huyu wa tatu anakula mafuta kuliko mimi."

"Ukimaliza utaipanda."

"Mimi? Nikae juu ya ng'ombe anayenguruma?"

Fundi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kwake chombo hakijaisha hadi maji yasiwe na pa kupita. Nilimwomba kitu cha kubebea vitabu nyuma, akanitengenezea sanduku la mbao za mvule lililopinda kama tezi, ile sehemu ya nyuma ya mtumbwi, misumari yake ya shaba, kila kiungo kimezibwa kwa pamba na lami. Ili kulijaribu aliweka gazeti kavu ndani, akalizamisha ziwani, akalikalia huku akipiga soga na wavuvi. Alipolitoa, gazeti lilikuwa kavu, akanisomea kichwa cha habari kwa sauti ili nishuhudie. Kisha akapaka pikipiki nzima rangi iliyobaki ya mitumbwi, kijani chini na nyeupe juu, na siku ya mwisho akaizunguka na kikopo chake cha lami, akichungulia kila mahali na kuziba alipoona panafaa. Nilimtazama nikiwa na furaha. Niliona napewa chombo cha kuvumilia masika.

Ilipowaka, wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kuangalia. Nilikwenda nayo hadi kwenye miti na kurudi, nikaenda tena. "Mtumbwi wa nchi kavu!" walipiga kelele, na jina hilo halikuitoka tena.

Kisha ikafika Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima. Niliondoka kiwandani na sanduku langu limejaa katekisimu, upepo kifuani, nikiimba. Nilikuwa nimepita Buswelu tu, injini ikakohoa, ikazimika. Nikashuka. Nikafungua plagi, nikaifuta, nikapuliza kila kinachopulizika. Nikapiga kiki, ikawaka vizuri kabisa. Nikaenda mwendo mfupi, ikazimika tena. Ukikaa ukaipumzisha, inawaka. Ukianza kuizoea, inakufa. Mwishowe nikaanza kuisukuma mchangani huku nasali rozari, na wachungaji wawili waliokuwa na ng'ombe wao wakasimama kunitazama.

"Mwalimu, unaipeleka kunywa maji?"

"Imegoma tu kidogo."

"Mbona hawa wetu wanatembea wenyewe?"

"Mpigie mluzi," mwenziwe akasema, "labda atakufuata."

Walicheka hadi nami nikacheka, kisha wakaja wakanisaidia kuisukuma kupanda kilima. Mungu awakumbuke.

Nilifika jua limelala sana. Moyoni nilikuwa nimekwisha kubali kwamba nitakuta uwanja mtupu, na kwamba bibi wangu amelikosa fundisho la kwanza. Lakini niliposogea nilisikia sauti yake. Walikuwa wamekaa wote nje ya darasa la shule, naye amesimama mbele yao, anawauliza Amri za Mungu moja baada ya nyingine na kumsahihisha mzee mmoja kwa ukali.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Umechelewa, Mwalimu. Huyu hapa ameiruka amri ya sita, ile ya usizini, sijui ana sababu gani."

Nilifundisha hadi mwisho, na hakuna aliyeondoka. Baadaye nikataka kuona kama petroli itanifikisha nyumbani, nikafungua kifuniko cha tenki. Tenki likavuta pumzi, ndefu, yenye mluzi, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo na mkono. Nikashtuka. Nikakigeuza kifuniko, na pale katikati, palipostahili kuwa na tundu dogo la kuingiza hewa, niliona tone la lami nyeusi, limelainishwa vizuri kwa kidole gumba. Petroli ilikuwa ikishuka kidogo kisha inashindwa, kwa kuwa hewa haikuwa na pa kupitia. Nikatoboa lami kwa mwiba, nikapiga kiki, na haikuzimika hadi mlangoni kwangu.

Jumatatu jioni nilimpelekea fundi kifuniko. Alikishika juu kwenye mwanga, akaona anga kupitia tundu, akachukia kweli.

"Nani anatoboa chombo makusudi?"

"Waingereza, kaka. Ndio walioitengeneza."

"Ndiyo maana waliondoka," akasema.

Hakuliziba tena, lakini hakuweza kuliacha wazi. Alikata kipande cha bati, akakikunja, akatengeneza kikofia kidogo kilichosimama juu ya tundu ili hewa ipite na mvua isiingie. Alikifanyia kazi jioni nzima. Alipomaliza aliniomba nisimwambie mvuvi yeyote.

Tangu hapo sikukosa Jumamosi hata moja. Masika yalikuja na vitabu vikafika vikavu. Wiki ya mwisho Paroko mwenyewe alikuja na Landrova yake kuwapima wakatekumeni. Alipofika kwa bibi alimuuliza maswali mengi kuliko wengine, nadhani kwa kuwa alikuwa akifurahia majibu. Mwisho akamuuliza kwa nini anataka ubatizo katika umri ule.

"Baba," bibi akamjibu, "mtu akialikwa arusini anauliza umri wake?"

Paroko akamwandika.

Ikabaki msimamizi wa ubatizo. Wakristo wa kijijini wengi wangekubali kwa furaha, lakini bibi alimtaka mke wangu, ambaye alikuwa amemwona mara moja tu nilipokuwa katekista wa baiskeli. "Yule aliyeshona ngozi," alisema. "Mtu anayeweza kutuliza ngozi ya ng'ombe ataniweza na mimi." Mke wangu alikataa kwa aibu, kisha akakubali, na asubuhi ya Pasaka akapanda pikipiki kwa mara ya kwanza, kitenge kimekazwa, mikono imenishika mbavu hadi nikashindwa kupumua. Alifunga macho tangu Nyakato. Tulipopita Buswelu alifungua moja. Tulipokaribia kijiji alikuwa akiniambia niongeze mwendo.

Misa ilikuwa katika darasa la shule. Mke wangu alisimama nyuma ya bibi na kumwekea mkono begani, na maji yakamwagwa juu ya zile nywele nyeupe. Niliwatazama nikashindwa kuimba, nami ndiye niliyekuwa nimeanzisha wimbo.

Tulipotoka nje, watu wakipeana mikono, bibi alimfuata mke wangu, kichwa bado kinadondosha maji. Akapiga goti kidogo, akainamisha uso.

"Shikamoo, mama," akamwambia.

Mke wangu alikuwa na umri wa wajukuu zake. Alijifunika uso kwa mikono miwili. "Bibi, jamani, usinifanyie hivyo! Mimi ndiye wa kukuamkia."

"Si umenizaa leo? Shikamoo."

"Bibi..."

"Mimi magoti yangu si ya jana, mama. Niitikie niinuke."

Watu wote walikuwa wakingoja. Mke wangu alinitazama, nami sikuwa na msaada wowote. Basi kwa sauti ndogo, huku machozi na kicheko vikimshinda, akaitika, "Marahaba, mwanangu," na bibi akainuka, akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake kula.