Anayekataa Kuchanganya Waridi Lake

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Mkaidi ameshajaza kikapu cha kwanza. Anavunja waridi chini kidogo ya ua kwa kidole gumba, bila hata kutazama. Jua likipanda harufu huruka, kwa hiyo salamu ndefu hana.

"Uliza huku unachuma," anamwambia mwandishi. "Au mikono yako iko likizo?"

Kilo nne za maua humpa gramu moja tu ya mafuta. Hebu fikiria alivyoumia mwaka jana, mnunuzi aliporudisha chupa yake. Mafuta yaliganda kwa baridi kidogo tu, na harufu yake ilikuwa nzito kuliko ya wenzake wa bondeni. Mnunuzi akasema ametia nta.

Chama cha wakulima kikampa msimu mmoja: achanganye mafuta yake na ya bondeni ili yafanane, ama afutwe uanachama.

"Nichanganye? Thubutu! Miaka kumi na tisa nachemsha maua, leo niitwe tapeli kwa sababu shamba langu liko juu?"

Miche yake yote aliikata bondeni, kwa wifi yake. Ua ni lile lile.

Juzi akamwita mpimaji wa mnunuzi, akamtwika kikapu. Bwana yule akachuma mwenyewe, juu na bondeni, akavilinda vyungu viwili vya shaba vya kuchemshia maua hadi tone la mwisho. Kisha chupa zote mbili zikatiwa kwenye maji baridi. Ya juu ikaganda kwanza.

"Nta ni ya ua lenyewe," mpimaji anakiri sasa. "Viungo vya harufu ni vile vile, ila vipimo vimetofautiana. Udongo na baridi ya huku vinalipika ua kivyake."

"Mkaidi kama waridi lake," anatania wifi, aliyepanda kumsaidia, akipepeta maua.

"Na wewe laini kama lako! Ndiyo maana hukunitetea kule chamani."

Wifi anacheka, kisha anainamia ungo wake. Maneno yamemchoma.

Saa nne leo chama kinaamua. Viongozi hawajaomba radhi; bado wanataka mafuta yafanane. Mama Mkaidi anataka chupa yake peke yake, yenye neno moja: Juu. Wakimfuta, atatafuta mnunuzi mwenyewe.

Anaitoa chupa kwenye ndoo ya maji baridi, anaifunga kwa kitambaa kilicholowa. Ndani mafuta yamekuwa meupe, magumu.

"Nitawawekea mezani hivi hivi, yameganda," anasema, akianza kushuka. "Anayeyataka atasubiri yayeyuke."

Wifi anaweka ungo chini, anamfuata.