Kiti Chepesi cha Mlimani

Wajukuu wamenisumbua niandike habari hii, kana kwamba mtu kuanguka ni sikukuu. Haya, someni.

Jirani yangu wa Nakwa, mkubwa kwangu kwa umri, alitaka kupanda Mlima Kwaraa na sisi akina mama wa kanisa, afike juu mara moja tu kabla magoti hayajakataa kabisa. Mwanawe ni fundi, anabuni viti vya kukunja vya wapanda milima. Akamtengenezea mama yake kimoja cha kupumzikia njiani. Alikijaribu karakanani kwa kukirukia, akajipiga kifua.

"Mama, hiki hata tembo anakaa."

"Mbona kina miguu ya korongo?"

"Ndio wepesi wenyewe huo. Wageni hawapendi mzigo."

Tukapanda, naye fundi akatusindikiza. Katikati ya msitu, penye udongo uliolowa, mama akakaa. Miguu ya nyuma ikazama yote, akaanguka chali, kiuno kikalia.

Fundi akashika kichwa. "Karakanani kilikuwa imara!"

Nikamwambia, "Mwanangu, karakana yako ina sakafu ya saruji. Huku amesakafia nani?"

Siku hizi viti vyake anavivalisha soli pana, na ni vizuri, sikatai. Lakini mama yake amekatazwa milima na daktari.

Siku ile ilimbidi fundi ambebe mgongoni mpaka barabarani, huku mama amegeuza shingo kutazama kilele, akimwambia, "Polepole, baba. Acha nikione."