Flashi ya Ukoo

Nimefuta vizazi tisa vya ukoo wetu nikiwa nakunywa chai nyumbani, Musoma.

Baba mdogo aliniachia flashi yenye majina ya mababu, niyapange kwa ajili ya mkutano wa ukoo Butiama. Mimi ndiye mtaalamu wa familia, kwa hiyo niliyanakili kwenye kompyuta, kisha flashi nikaifuta na kuiwekea Linux, mfumo mpya wa kuendesha kompyuta niliotaka kuujaribu. Halafu nikaifuta kompyuta yote ili Linux ipate nafasi. Onyo lilitokea mara mbili, lakini mtaalamu hasomi maonyo.

Jana mkutanoni baba mdogo alichomeka flashi yake niliyomrudishia, akawasha kompyuta na projekta mbele ya wazee. Ukutani yakatokea maneno: “Karibu. Chagua lugha.”

“Mtaalamu,” akaniuliza taratibu, “huyu ni babu yupi?”

Bibi aliyemsimulia baba mdogo majina hayo alikuwa amekaa mbele. Siku hizi hata jina langu halikumbuki.