Mvua ya Wingu

Majirani walimwita Wingu, kwa sababu fundi bomba yule ndiye pekee mtaani aliyeweza kuzinyeshea nyasi zake kiangazi kizima. Alichimba mitaro mwenyewe, akalaza mabomba, akapanda vinyunyizio kila pembe ya bustani. Jioni alifungua koki karibu na mlango wa jikoni, na vichwa vile vidogo vikachomoza ardhini kwa pamoja, vikazunguka vikitema maji. Watoto wa jirani walijaa uani bila kualikwa.

Alipofariki, koki zilibaki mikononi mwa mkewe, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuzigusa. Lakini kiangazi kilipofika na nyasi zikaanza kugeuka rangi ya kaki, mama yule alijifunga kibwebwe, akachukua spana. Alijifunza kwa kukosea. Chujio likijaa mchanga, aliliosha kwa mswaki mkuukuu. Tundu likiziba, alilizibua kwa sindano, kisha akalipuliza kama anayepoza chai.

"Nguo na bomba ni mamoja," alipenda kusema. "Vyote huachia kwenye maungio."

Mwaka huu vinyunyizio vya upande wa ukutani viligoma. Maji yalitoka kwa kudondoka, kama mate ya mtoto anayeota meno, na pembeni kukawa na dimbwi. Bintiye wa pekee, aliyekuja kumsalimu Jumamosi, alilitazama akatikisa kichwa.

"Mama, tumwage zege hapa. Upumzike."

"Nimekulalamikia kuwa nimechoka?"

"Hapana, lakini..."

"Basi shika jembe."

Binti akavua viatu. Walichimba kwa zamu, tope likiwapanda hadi magotini, mpaka bomba likaonekana. Kiungio chake kilikuwa kimezungushiwa mpira wa baiskeli na kukazwa kwa waya. Mama alipoukata mpira, ndani yake kikatokea kitambaa laini, cheupe kilichofifia. Alikisugua ukingo kwa kidole. Mshono wake mwenyewe angeutambua hata gizani.

"Hii ni bitana ya gauni lako la harusi," alisema.

Binti alikitazama kitambaa, akakaa kitako palepale kwenye udongo.

"Kumbe ndiyo maana alichelewa."

Siku ile ya harusi watu wote walisimama wakimngoja baba wa bibi harusi. Akaja mbio, suruali ya suti ina tope magotini, wala hakueleza kitu. Binti alimnunia mpaka kwenye picha.

"Hema lilisimamishwa hapa hapa," mama alisema polepole. "Mambo ya hema hayakosi mtu wa kupigilia kigingi juu ya bomba. Lazima marehemu aliokota kipande kilichobaki chini ya cherehani yangu."

"Kwa nini hakusema?"

"Baba yako? Yule angekwambia nyumba inaungua akishaizima."

Binti alicheka. Akainama, akajifanya anafuta tope usoni. Mama alikisuuza kile kitambaa, akakianika kwenye ukingo wa ndoo.

Waliweka kiungio kipya, wakafukia, wakafungua maji. Kichwa kimoja kikawa kinaurushia ukuta maji. Mama akamwonyesha bintiye namna ya kukigeuza kwa bisibisi, taratibu, bila kukilazimisha. Habari ya zege haikutajwa tena.

Jioni walikaa kibarazani, nguo zimelowa, wakitazama nyasi zikinywa.

"Hivi wewe na baba mlikutanaje?"

"Alikuja kutengeneza bomba la karakana tulikokuwa tukishona. Akalitengeneza vizuri. Kesho yake likavuja, akaitwa tena. Likavuja tena. Mwenye karakana akawa anafoka, fundi gani huyu. Siku hiyo nikamchungulia, nikamwona analegeza nati kabla ya kuondoka."

"Ukamsemea?"

"Nimsemee?" Mama aliyafuata maji kwa macho, uso umemchangamka. "Nilimwambia alegeze kidogo tu, asije akafukuzwa kweli."